Mikate ya Fanlosa

Kanuni ya ugavi inasema: hesabu vichwa.
Vichwa vilivyoandikishwa, tarehe mosi Januari,
theluji ikiwa imefika usawa wa madirisha
na Fanlosa nzima ni watu mia moja na kumi na wawili,
pamoja na bibi wa nyumba ya mwisho
aliyefariki tarehe tatu.

Kwa vichwa hivyo hazina ya Saragosa hupiga hesabu,
na ruzuku hupanda bonde la Pirenei
kama maji ya bomba la mwisho wa mtaa:
kwanza kikohozi,
kisha tone.

Nilifika na hojaji ya kurasa kumi na nne.
Swali la kwanza: mnapokea wageni wangapi kwa mwaka?
Úrbez, katibu wa manispaa,
ambaye pia ni fundi wa pampu,
na siku za maziko ndiye mpiga kengele,
alicheka hadi akavua miwani.
"Wageni hawajiandikishi, binti.
Kamuulize Orosia."

Orosia ana daftari la tanuri.
Safu mbili: siku, mikate.
Januari, tisini.
Machi, tisini na mitano, mjukuu wa mtu amekuja kuuguzwa.
Agosti tarehe kumi na tano,
elfu moja mia nne na sitini,
na pembeni, kwa kalamu ya risasi: *haikutosha.*

Miaka ishirini na sita!
Nilinakili hadi mkono ukafa ganzi,
unga ukipenya kwenye vitufe vya kompyuta,
na usiku, nilipochora mstari katikati ya nukta,
mstari ulipanda kama mtu anayekimbilia basi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili,
siku ya tatu mpe jembe.
Wa Fanlosa hulala siku mbili kamili.
Hupiga picha ya kanisa, ya ng'ombe, ya Orosia mwenyewe
(hawamwombi ruhusa),
huvuta maji chooni, watu elfu mbili alfajiri moja,
kwenye mtambo uliojengwa kwa watu mia tatu,
halafu hushuka bondeni wamepumzika.
Jembe anabaki nalo Úrbez,
magoti ndani ya majitaka,
akiisemesha pampu kama anayembembeleza punda.

Kodi ya kitanda ipo. Yuro moja kwa usiku.
Hukusanywa hapa, huhesabiwa kule,
na mwaka juzi ilirudi:
bango la mita sita penye kona ya barabara kuu,
FANLOSA, PUMZI YA MLIMA.
Upepo ukivuma kutoka mtamboni
watu husoma bango wakiwa wamebana pua.

"Ugatuzi," aliniambia Úrbez akinawa,
"ni kwamba wametugatulia ufagio.
Pochi ilichelewa basi."
Nikaiandika. Msimamizi wangu aliifuta,
akaweka: *kutolingana kwa majukumu na mapato.*
Ni sahihi. Haina harufu.

Saragosa, Novemba, chumba chenye zulia.
Jedwali la saba, nikasema, linaonyesha
kwamba kila mikate kumi ya nyongeza…
Bwana mmoja wa kamati akainua kalamu.
Mkate, je, ni chanzo rasmi cha takwimu?
Nikasema watu hula kabla ya kuwa rasmi.
Hakuna aliyecheka. Wakaandika: *utafiti zaidi unahitajika,*
na fedha za utafiti zaidi, hizo zilikuwepo.

Tarehe thelathini Desemba nilipanda tena,
minyororo ikiguguna magurudumu.
Úrbez alifungua rejesta, akapuliza vidole,
akaniuliza jina kana kwamba halijui.
Kichwa kimoja, thamani yake kwa kanuni
ni yuro mia moja thelathini na senti kidogo:
nusu ya bei ya mpira wa pampu.

Najua. Mtafiti hajitii kwenye sampuli yake.
Chuoni kuna kamati ya maadili kwa ajili ya mambo kama haya.

Asubuhi ya pili nilipita tanurini.
Orosia hakuinua macho.
Alilamba ncha ya kalamu, akaandika:
Januari, tisini na mmoja.